Pilau ya kuni inapokataa: dalili, sababu na tiba

Mtu anayepika pilau nje kwa kuni akiona mambo yanakwenda kombo, mkono wake wa kwanza huenda kwenye mfuniko. Anafunua, anachungulia, anakoroga, anaongeza maji, anafunika, halafu baada ya dakika mbili anafunua tena. Kumbe kosa limelala chini, kwenye mafiga. Moto wa gesi unapunguzwa kwa kuzungusha kitufe. Moto wa kuni hauna kitufe, na ili upungue lazima kuni ziondoke. Kwa hiyo kwa kila dalili utakayoisoma hapa nakuomba uiname kwanza utazame moto, ndipo ufunue sufuria. Nimepika na kupikiwa pilau nyingi za nje, na zilizoharibika nyingi zilikuwa na mchele mzuri na vipimo sahihi. Moto ndio ulioziharibu.

Nimepanga matatizo kwa dalili, kama watu wanavyoyalalamikia. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi na ya mwisho ni ya nadra. Anza juu, ushuke. Usirukie sababu ya nne wakati ya kwanza hujaikagua.

Ujue pia kwamba pilau ya kuni inapita mioto mitatu. Wa kukaangia kitunguu na viungo ni wa wastani, na unahitaji uwe karibu nao muda wote. Wa kuchemshia supu na kuingizia mchele ni mkali, wenye ndimi. Wa kukaushia ni makaa matupu bila ulimi hata mmoja, machache chini na mengi juu ya mfuniko. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na moto wa hatua moja kubaki hadi hatua inayofuata.

Chini imeungua, juu mchele bado mbichi

Hii inalalamikiwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Maji yakiwa bado yapo chini ya sufuria, wali hauwezi kuungua. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi na yanapanda na joto hilo kama mvuke, kwa hiyo kitako hakipati nafasi ya kuzidi hapo sana. Siku zote ni baada ya maji kuisha ndipo kitako kinaporuka ghafla, kikapita nyuzi 150, 200 na zaidi, na wanga ukageuka hudhurungi kisha mweusi. Ndiyo maana mpishi husema “nilifunua sasa hivi ilikuwa nzuri”. Anasema kweli. Ilikuwa nzuri. Dakika tano tu baada ya maji kukauka zinatosha kuharibu sufuria nzima ikiwa ndimi bado zinalamba kitako.

*Sababu ya kwanza: kuni hazikuondolewa kwa wakati.* Inama utazame. Ukiona ulimi wa moto unagusa kitako na juu ya mchele maji hayaonekani tena, umepata jibu. Vuta kuni zote nje, zizime mbali kidogo kwa maji, bakiza makaa tu, kisha yasukume yakae kama pete kuzunguka kingo za sufuria. Usiyarundike katikati, maana katikati ndipo panapoungua kwanza. Ishara ya kuondoa kuni si saa, ni uso wa mchele: maji yanapolingana na punje na vishimo vidogo vya mvuke vinapoanza kutoboka juu, wakati umefika. Ukisubiri mpaka vishimo vikauke, umechelewa.

*Sababu ya pili: hakuna joto juu.* Chini panapikwa na kitako, lakini juu panapikwa na mvuke na makaa yaliyopaliwa kwenye mfuniko. Kama mfuniko wako hauna makaa, mchele wa juu unategemea mvuke peke yake, na ukifunua mara mbili tatu mvuke huo umekwisha. Kwa makadirio, theluthi mbili za makaa ziende juu, theluthi moja ibaki chini. Mfuniko uwe bapa na wa chuma, usio na kishikio cha plastiki.

*Sababu ya tatu: sufuria nyembamba.* Alumini hupitisha joto haraka mno, na ikiwa nyembamba joto la kijinga kimoja cha moto linaonekana kama doa jeusi kwenye wali, umbo lile lile la kijinga. Kama huna sufuria nzito, inua mafiga ili kitako kiwe juu zaidi ya makaa, au weka kipande cha chuma bapa kati ya sufuria na moto. Usitumie bati la kuezekea. Lina zinki juu yake, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaoumiza mapafu.

*Sababu ya nne: sufuria imejaa kupita kiasi.* Mchele ukiiva hujaa karibu mara tatu. Mchele mkavu usizidi theluthi ya kina cha sufuria, na ukiongeza nyama na viazi upunguze zaidi. Rundo refu la wali haliivi sawasawa hata moto uwe wa adabu namna gani.

*Sababu ya tano: kukoroga baada ya maji kunyweka.* Mwiko unavunja punje laini, wanga unatoka, unazama, unashika chini kama gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoanza kuungua. Koroga mara moja mchele unapoingia, sawazisha uso, kisha mwiko upumzike. Wakati wa kukausha unaruhusiwa kugeuza mara moja tu, taratibu, kutoka kingoni kwenda katikati, na ikiwa chini pameshaanza kushika hata hiyo mara moja uiache.

Tiba ikiwa imeshaungua: ipua. Usikwangue wala usikoroge, maana harufu ya kuungua iko kwenye ukoko na ukiuvunja inasambaa kote. Tumia upawa kuchota wali wa juu ambao haujagusa chini, uhamishie sufuria nyingine. Onja. Kama bado una kiini, nyunyiza maji ya moto kiasi cha nusu kikombe kwa kila kilo ya mchele, funika kwa jani la mgomba au kitambaa safi chenye unyevu, kisha mfuniko juu yake. Hakikisha ncha za kitambaa hazining’inii upande wa moto. Palia makaa juu, weka machache sana chini, uiache robo saa.

Ukoko wa hudhurungi ni mtamu na wapo wanaougombania. Ukoko mweusi unaopondeka kama mkaa si chakula. Utupe. Na kama harufu ya kuungua imeshapanda hadi kwenye wali wa juu kabisa, usiifunike kwa kuongeza iliki au limau, haitoki. Heshimu watu wako, pika upya.

Upande mmoja umeiva, mwingine bado

Hapa sababu ni mbili, na zote unaziona kwa macho.

Upepo ndio wa kwanza. Unazisukuma ndimi upande mmoja, zinapanda kando ya sufuria badala ya kukaa chini yake. Tazama masizi: upande wenye masizi mengi mapya ndiko moto unakoegemea. Weka kizuizi cha upepo upande unakotoka, kama mawe makubwa, matofali au karatasi nene ya chuma, umbali wa mkono mmoja hivi, ukiacha nafasi ya hewa kuingia. Kuziba pande zote kunauzima moto kwa kukosa hewa na kunakujaza moshi machoni. Kisha zungusha sufuria robo mzunguko kila baada ya dakika tano. Mzunguko tu, bila kufunua.

Sababu ya pili ni mafiga yaliyozama. Sufuria ya kilo 5 za mchele pamoja na maji na nyama inapita kilo 15 kwa urahisi, na kwenye mchanga au udongo laini figa moja hushuka taratibu. Supu inakusanyika upande wa chini, upande huo unakuwa bokoboko na ule wa juu unabaki na kiini. Kipimo ni rahisi: kabla ya mchele kuingia, angalia maji yamegusa ukingo sawasawa pande zote au la. Kama yameinama, ipua kwanza, ushindilie ardhi au uweke jiwe bapa chini ya figa lililozama. Usijaribu kusukuma figa kwa mguu wakati sufuria iko juu. Supu ya moto ikimwagika kwenye mguu haingoji uombe radhi.

Kuhusu mawe yenyewe: usiokote yaliyokuwa mtoni au yaliyolowana muda mrefu. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Ukisikia mafiga yanatoa mlio wa kupasuka, sogeza watu mbali, watoto kwanza, na uache moto ushuke kabla hujarudi karibu.

Pilau imekuwa bokoboko

*Maji mengi* ndiyo sababu ya kawaida, na yanakuwa mengi kwa hesabu ambayo wengi hawajaelezwa. Mchele wenyewe unakunywa takriban ujazo wake wa maji. Yanayobaki katika vipimo vya kila siku, ile nusu au kikombe kizima cha ziada, ni ya kupotea kama mvuke. Sasa, mvuke unaopotea unategemea upana wa sufuria, mfuniko na muda, si wingi wa mchele. Ukipika kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 2 vya maji inakubali. Ukipika vikombe 25, yaani karibu kilo 5, kwa vikombe 50, lazima urojeke. Kwa kiasi hicho mimi huanza na kikombe 1 na robo cha supu kwa kila kikombe cha mchele, na birika la maji ya moto linakaa pembeni. Maji yakipungua unaongeza kidogo. Yakizidi, kuyatoa ni kazi.

*Mchele uliolowekwa* ukapimiwa maji kana kwamba ni mkavu ni sababu ya pili. Ukiloweka nusu saa umeshakunywa sehemu ya maji yake. Uchuje vizuri, kisha upunguze supu.

*Moto dhaifu wakati wa kuchemsha* ni wa tatu, na watu hawaushuku. Mchele ukiingizwa kwenye supu vuguvugu unakaa muda mrefu ukivimba na kutoa wanga kabla haujachemka. Supu iwe inatokota kwa nguvu mchele unapoingia, na kama ilipoa ulipomimina, chochea irudi kutokota upesi.

*Mchele haukuoshwa*, au ni wa aina laini inayoshikana. Osha mpaka maji yakaribie kuwa maangavu. Kama mchele wenyewe ni wa kushikana, hilo hulirekebishi kwa moto. Mara nyingine tafuta wa punje ndefu.

Kurekebisha, ikiwa maji bado yanaonekana: yachote kwa upawa kutoka juu. Ikiwa yamejificha katikati, geuza mwiko, utumie mpini wake kutoboa mashimo sita au saba hadi karibu na kitako, funua robo ya mfuniko mvuke utoke, na ubakize makaa tu chini. Baada ya dakika kumi funika tena, safari hii ukiwa umetandika kitambaa safi kikavu chini ya mfuniko kinyonye matone. Ikiwa punje zimeshapasuka, hakuna tiba. Usiongeze mchele mkavu juu yake kama baadhi wanavyofanya. Utapata bokoboko lenye mchanga wa mchele mbichi ndani.

Maji yamekauka, punje zina kiini

Kagua kwanza mfuniko. Ukiona mvuke unatoka kwa mkupuo upande mmoja, mfuniko umepinda, na maji yako yameishia hewani. Uzibe ukingo kwa unga uliokandwa mzito, au tandika jani la mgomba au karatasi ya alumini kisha mfuniko juu yake. Jiwe juu ya mfuniko linasaidia ikiwa halizuii makaa kukaa.

Pili, moto ulikuwa mkali kupita kiasi. Maji yalichemka yakaisha kabla joto halijapenya katikati ya punje. Wanga wa mchele unaiva kati ya nyuzi 60 na 80 hivi, ila unahitaji maji na muda pia, na moto mkubwa hauwezi kununua muda.

Tatu, uko mahali pa juu. Kila unapopanda takriban mita 300, maji yanachemka kwenye joto lililopungua kwa karibu nyuzi 1. Kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Pilau inachukua muda zaidi na maji zaidi kidogo, na mfuniko unaokaza unakuwa na umuhimu mkubwa kuliko pwani.

Tiba ni ile ya kunyunyiza. Maji yawe ya moto, kwa sababu ya baridi yanashtua sufuria na kusimamisha kuiva. Nyunyiza juu kwa mkono au kijiko, usimimine sehemu moja. Funika, makaa juu, dakika 15. Onja punje tatu: ya kingoni, ya katikati, ya chini. Rudia kama bado. Ukirudia mara tatu na kiini hakijatoka, huenda mchele ni wa zamani sana au uliingia kwenye supu yenye mafuta mengi yakaufunika. Vumilia nusu saa nzima kwa joto dogo badala ya kuzidi kuongeza maji.

Moshi mwingi, moto hauchangamki, pilau ina harufu ya moshi

Kuni mbichi. Mara tisa kati ya kumi sitafuti sababu nyingine. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto unatumia nguvu zake kuyachemsha hayo kabla haujakuchemshia wewe. Kigonge kipande kwa kingine: kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinatoa kishindo kizito. Kikavu kina nyufa kwenye ncha, na gamba lake linabanduka kwa kidole. Ukikuta povu linatoka kwenye ncha ya ukuni ulio motoni, utoe huo.

Kuni zikiwa kavu na moshi bado ni mwingi, moto unakosa hewa. Majivu yamejaa, au kuni zimesukumwa kwa wingi mpaka zimeziba. Kwangua majivu, bakiza vijinga vitatu au vinne vikielekea katikati kama miale, ncha tu zikikutana, na uinue kidogo kwa jiwe hewa ipite chini. Kuni nyembamba za unene wa vidole viwili ndizo nzuri kwa hatua ya kuchemsha. Gogo nene linafaa kutoa makaa, basi uliwashe saa nzima kabla.

Harufu ya moshi ikiingia kwenye pilau ni kwamba ulifunua wakati moshi umezagaa. Simama upande unakotoka upepo, funua ukielekeza uwazi kwako na mgongo wa mfuniko kwenye moshi, fanya upesi. Moshi mwembamba wa bluu unaopita juu ya pilau ni sehemu ya utamu wa kuni. Ule mzito mweupe au wa manjano ndio unaoacha uchungu ulimini.

Simama kabisa, usipike, ikiwa kuni ni mbao zilizopakwa rangi, vipande vya samani vyenye gundi, nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina arseniki, nayo haichomeki, inabaki kwenye moshi na majivu. Mnyaa nao usiutie motoni: utomvu na moshi wake huwasha macho vibaya. Kama hujui mti ni wa aina gani, usiupikie chakula.

Rangi imepauka, au viungo vina uchungu

Nitapita haraka. Kupauka ni kitunguu kilichotolewa mapema. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichoiva hadi hudhurungi ya kukolea, na mchele ukishaingia rangi hairudi nyuma kusahihishwa. Uchungu ni kinyume chake: kitunguu au viungo viliungua kwa sababu ulikaanga kwenye moto wa kuchemshia. Kitunguu saumu na bizari nzima ndivyo vya kwanza kuungua. Ukiona mafuta yanafuka moshi kabla hujaweka kitu, ipua, usubiri, vuta kuni mbili, uanze upya. Kitunguu kilichoungua kitupwe pamoja na mafuta yake. Najua mafuta ni mali, lakini uchungu ule utakula sufuria nzima.

Nyama ngumu, viazi vinagoma

Nyama ngumu haiivi ndani ya pilau. Ile mishipa na ngozi nyeupe za nyama ya ng’ombe zinahitaji saa moja na nusu hadi tatu za kuchemka polepole ili zilainike, na pilau ikishawekwa mchele haina saa hizo. Chemsha nyama mpaka iachie kwa uma ndipo uendelee, na supu yake ndiyo maji yako ya kupikia. Ukigundua wakati mchele umeshaingia, kubali kuitoa nyama, uichemshe pembeni, uirudishe mwishoni.

Viazi vikigoma, uliza kuhusu nyanya. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju inakaza kuta za kiazi, vikaweza kuchemka nusu saa na bado vikawa vigumu. Vikaange au uvichemshe kwanza kwenye supu isiyo na nyanya, au punguza nyanya. Kama hujatia nyanya kabisa, basi vipande ni vikubwa mno.

Mafuta yameshika moto

Hapa hakuna mjadala wa sababu. Usimwage maji. Maji yakizama kwenye mafuta ya moto yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka juu na pembeni. Funika sufuria kwa mfuniko ukiutelezesha kutoka upande wako, vuta kuni kwa fimbo ndefu, na usifunue mpaka ipoe kabisa. Usibebe sufuria inayowaka. Mfuniko usipouzima, au moto umeruka kwenye nyasi, makuti au turubai, ondoa watu na uwaite zimamoto. Jiko liwe angalau mita 3 kutoka kwenye ukuta, paa la makuti, nyasi kavu au nguo, na ndoo ya maji na ya mchanga ziwepo tangu kabla hujawasha.

Mtu akiungua, peleka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Ikiwa ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au ni mtoto mdogo, ni kazi ya daktari, na safari ianze wakati maji yakimaliza kazi yake.

Mvua imeanza katikati ya kupika

Kinachojitokeza kichwani ni kuhamishia jiko ndani. Usifanye hivyo, hata kwa makaa tu, hata kwa dakika kumi za kukaushia. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kinajaa upesi. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi mara moja, na mpeleke hospitali hata akisema ameshapata nafuu.

Ikiwa mchele umeshanyweka maji, una njia nzuri zaidi. Ipua sufuria, futa makaa ya mfuniko, ifunge kwa blanketi nzito au magunia makavu baada ya kuhakikisha hakuna cheche, na uiingize ndani sufuria peke yake. Joto lililomo linatosha kumalizia ndani ya dakika 30 hadi 40. Nimeshafanya hivi mara nyingi, na pilau imetoka imechambuka kuliko iliyobaki kwenye makaa. Ikiwa maji bado ni mengi, turubai lililoinuliwa juu sana, lililo wazi pande zote na mbali na ndimi, ndilo la kukuokoa; la sivyo subiri mvua ipite, maana pilau iliyochelewa bado ni pilau.

Imebaki, imekaa, ina harufu ngeni

Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu vinaamka, vinazaliana na kutoa sumu, na sumu nyingine kati ya hizo haiharibiwi hata ukiupasha moto upya. Kwa hiyo “tutaichemsha tena” si tiba. Pilau ya kugawiwa polepole ibaki ya moto kweli, zaidi ya nyuzi 60: mvuke uonekane ukifunua. Ya kuhifadhi itandazwe kwenye sinia pana ipoe upesi na iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Iliyolala nje usiku kucha kwenye sufuria, hata kama inanukia vizuri, imwage. Aliyekula akaanza kutapika na kuhara, mpe maji yenye chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Akishindwa kuyahimili, akianza kulegea, au akiwa mtoto, mzee au mjamzito, mpeleke hospitali.

Moto “umezimwa” lakini ardhi bado ni ya moto

Tatizo hili halionekani kwenye sahani, na linaumiza watoto. Makaa yaliyofukiwa kwa mchanga hayazimiki. Yanabaki ya moto kwa saa nyingi, na mchanga juu yake unaonekana kama mchanga wowote. Usifukie. Mwaga maji, koroga kwa mti, mwaga tena mpaka mlio wa kuchemka ukome, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, rudia. Mawe ya mafiga nayo yamwagiwe taratibu, ukiwa umesimama mbali, na yabaki hapo hapo mpaka asubuhi.